Moto wa Mzazi Uliozimwa kwa Uji

Hivi ninyi mlioketi hapo, nani kati yenu ameshawahi kuumwagia moto maji, halafu moto ukazidi? Inueni mikono niwaone. Hakuna? Basi kaeni vizuri, maana mimi nimeuona kwa macho yangu haya. Bwana asifiwe! Mwe, mnaitika kama watu wenye njaa. Bwana asifiwe sana! Haya, hapo sawa.

Mimi mnanijua, mama yake Rahel, mtu wa Usambara, nilishuka pwani na marehemu mume wangu tukifuata kazi ya mkonge. Shule nilikaa mpaka nikajua kuandika jina langu, basi, nikaitwa nyumbani kulea wadogo zangu. Kwa hiyo msinitafutie maneno ya kitabuni. Mchungaji amenishika mkono pale mlangoni, akaniambia, "Mama, ushuhuda utoe, lakini hasira ipunguze." Nikamwambia, "Baba Mchungaji, nitaipunguza nikifika mwisho." Bado sijafika.

Ndugu zangu, wakati ule nilikuwa nakaa kule bondeni, chini ya matangi ya petroli. Bomba lilitoka gatini, likapita nyuma ya vyoo vyetu, likavuka mfereji unaoteremka baharini kwenye mikoko, halafu likapanda mpaka kwenye matangi. Bomba nene, jeusi, watoto walikuwa wanalipanda kama punda. Petroli inapita ndani, sisi tunapika pembeni. Hakuna aliyetuuliza. Walilipitisha tu, kama mtu anayekuja kufunga kamba yake ya nguo uani kwako, na wewe ukimtazama anakuuliza unatazama nini.

Nyumba nilipanga kwa Bi Mwanakombo. Huyu ni mama wa Kidigo, Mwislamu wa swala zake zote, mkunga, na mdomo wake unanyoa kuliko wembe. Tulikuwa tunapendana kwa kutukanana. Siku tusipotukanana, watu wa mtaani walikuwa wanakuja kuuliza nani anaumwa.

Binti yangu Rahel akaja kujifungulia kwangu. Mumewe alikuwa kwenye mkonge huko upande wa Pongwe, hana ruhusa. Akajifungua mtoto wa kike, Bi Mwanakombo ndiye aliyempokea. Sasa ninyi mliotoka bara, sikilizeni. Pwani, mzazi ana moto wake. Kigae kipana kinawekwa chini ya kitanda cha kamba, makaa yanakaa humo usiku na mchana mpaka arobaini itimie. Na mwenye moto ule ni mkunga. Ukizimika, baridi inamwingia mzazi tumboni, maziwa yanakauka, na aibu yote inamwangukia mkunga. Bi Mwanakombo alikuwa anajitapa, "Tangu nianze kuzalisha watu, moto wangu haujazimika hata mara moja!"

Mimi nikamwambia, "Mwanangu anachomeka mgongo huyu. Kwetu milimani hatumchomi mzazi kama muhogo."

"Kwenu milimani mnazaa kwenye baridi kama mbuzi," akasema. "Ndiyo maana mna pua ndefu, makamasi yamezivuta. Niachie mzazi wangu."

Jamani, tulicheka! Rahel naye kitandani akacheka mpaka akashika tumbo.

Haya. Harufu ikaanza. Kwanza kisimani. Ukichota maji, juu yanang'aa rangi rangi, bluu na zambarau, mazuri kuyatazama, ukinywa koo linawaka. Tukawa maji ya kunywa na ya kupikia tunayafuata mbali, kule juu kwenye bomba la maji la mjini, na ya kisimani tunafulia na kuoshea vyombo. Bata wa Bi Mwanakombo walioshinda mferejini wakafa wote, wamelala midomo wazi.

Tukaenda, wanawake wote, mpaka kwenye lango la kampuni. Ndugu zangu, tulivaa vizuri! Mimi nilivaa gauni langu la kanisani. Akatoka karani mmoja, mtoto mdogo tu, ningeweza kumzaa. Shikamoo hakutoa. Akasema, "Hiyo ni harufu ya matope ya mikoko. Maji ya bahari yakitoka, matope yananuka."

Bi Mwanakombo akamwambia, "Mwanangu, mimi nimezaliwa kwenye mikoko hiyo. Mikoko hainuki kama motokaa."

Walinzi wakacheka. Karani akaona haya, na mtu mdogo akiona haya anakuwa mkali. Akapiga kelele, "Hapa ni mahali pa kazi! Rudini majumbani kwenu mkapike!"

Mkapike! Mmesikia? Petroli iko mferejini, na yeye anatuambia tukawashe moto! Na wakati ule ule gari la bwana mkubwa wa kampuni, mzungu, likatoka langoni. Kufika kwenye daraja la mfereji, nikamwona kwa macho yangu anapandisha kioo. Mbona alikipandisha, na jua lile? Ameinusa! Ndugu zangu, mtu asiyejua, Mungu anamsamehe. Lakini yule alijua, akapandisha kioo, akaenda kula.

Nimeokoka, ndiyo. Damu ya Yesu imenisafisha. Ila hapa, Baba Mchungaji, hasira bado sijaipunguza.

Basi, asubuhi moja tunapika, bomba likapasuka pale pale linapovuka mfereji. Lilitema kama mtu aliyekula sumu. Petroli ikajaa mferejini, ikateremka nyuma ya majiko yetu, nyingine ikazama kwenye mchanga mpaka kisimani, nyingine ikaingia baharini kwenye mikoko. Mnadhani watu walikimbia? Walikimbia, lakini walikimbilia petroli! Madebe, sufuria, chupa, mpaka vyungu vya maua. Vijana wakaja na baiskeli kutoka Ngamiani wanagombania nafasi. Mmoja nilimwona na sigara sikioni. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, hiyo ukiiwasha tutakutana mbinguni, na wewe mbinguni sijui kama utaingia." Akacheka, akaendelea kuchota.

Lori la kampuni likaja na watu na mchanga. Nikasema, ahsante Mungu, wamekuja! Loo! Wakapita kwetu kama hatupo, wakaenda kumwaga mchanga wote kuzunguka matangi yao. Matangi wameyazungushia mchanga, wameyazungushia askari, wameyazungushia kamba. Sisi tulio chini, huku mteremko unakoelekea, hata koleo moja hatukupewa. Akasimama mtu kule juu na kile kibomba cha bati cha kupazia sauti, akapiga kelele, "Zimeni moto! Zimeni moto wote!" Basi. Hawakusema tuzime na nini. Hawakusema maji ya kisimani msiguse. Walijua petroli imeingia kisimani, tuliwaambia wenyewe kwa midomo yetu, na bado hawakusema!

Sasa wewe ukiambiwa zima moto, unachukua nini? Unachukua maji. Yako wapi ya karibu? Kisimani. Mtaa mzima ukakimbilia kisimani, na mimi mbele yao. Nikachota ndoo, nikarudi mbio, maana nilikuwa nawaza moto mmoja tu, ule ulio chini ya kitanda cha mwanangu na kichanga chake.

Nafika mlangoni, Bi Mwanakombo amesimama, mikono ameitanua huku na huku.

"Unakwenda wapi na ndoo?"

"Nakwenda kuuzima."

"Moto wa mzazi hauzimwi."

"Bi Mwanakombo, petroli iko nyuma ya ukuta!"

"Na mzazi yuko mbele ya ukuta! Utamuua mwanao kwa baridi, Mshambaa wewe! Subiri niutoe nje kwa adabu yake."

Nikamsukuma. Akanisukuma. Ndugu zangu, wanawake wazima, bibi za watu, tunavutana ndoo mlangoni kama watoto kwenye foleni! Rahel analia ndani, "Mama! Jamani, ninyi mtaniua kwa ugomvi wenu kabla ya huo moto!" Na mimi, nawaambia kweli, nilikuwa naomba moyoni: Bwana Yesu, nipe nguvu nimwangushe huyu bibi. Nilimwomba kwa machozi. Hakunipa! Ahsante Yesu kwa kuninyima! Maana ndoo ilikatika mkono, maji yote yakamwagika uani, na sisi tukaanguka matakoni wote wawili.

Hatujainuka, tukasikia pale kwa jirani, kwa Mama Kibwana, sauti kama shuka kubwa linakung'utwa. Fuuu! Mama Kibwana alikuwa amemwaga ndoo yake ya kisimani kwenye mafiga. Moto ulimrukia mikononi, ukashika paa la makuti. Maji, ndugu zangu! Maji ndiyo yaliyowaka!

Nikaitazama ndoo yangu. Nikamtazama Bi Mwanakombo. Hakuwa anajua kitu yule, msije mkasema alijua! Alikuwa anagombania moto wake na jina lake tu. Lakini Mungu wangu akitaka kukuzuia hachagui mkono. Malaika wa wengine wana mabawa. Wangu alikuwa na buibui na ushungi, anatafuna tambuu.

Akasimama, akatema, akaingia ndani. Kando ya kitanda kulikuwa na chungu cha uji wa mzazi, uji mzito wa pilipili manga, alioupika alfajiri kwa maji tuliyoyafuata mbali. Akakiinua kile chungu kizima. Akasema, "Bismillahi." Akakimimina chote juu ya makaa. Puuu! Moshi wa pilipili ukatupanda puani, tukapiga chafya wote, na kichanga kikapiga chafya! Moto ukafa. Yule mama akasimama na chungu kitupu, machozi yanamtoka, mimi nikadhani ni pilipili. Akasema, "Huu ndio wa kwanza kuzimika mkononi mwangu." Sikumtukana siku hiyo.

Tukambeba Rahel juu ya kitanda chake, tumemfunika kanga gubigubi, Bi Mwanakombo mbele anapiga kelele, "Pisheni mzazi! Msimtazame mzazi!" mpaka juu barabarani, kwenye uwanja wa kanisa. Nyuma yetu jiko la Mama Kibwana linateketea, na wanaume wa mtaa wanakata makuti ya nyumba za pili moto usivuke. Ndipo watu wa kampuni wakafunga koki ya bomba. Ndipo! Koki ilikuwepo muda wote, na mtu wa kuifunga yupo.

Maziwa ya Rahel hayakukauka. Mtoto alinyonya palepale uwanjani. Haleluya! Mama Kibwana aliugua mikono miezi mingi, akapona, lakini vidole viwili havikunjiki. Mikoko ikawa myeusi. Kaa walitoka mashimoni wakafia juu ya matope, na waliokula samaki wa pale walitapika.

Baadaye bwana mkubwa akaja na mkalimani, tukakusanywa. Kwanza wakasema inadhaniwa wanawake wa bondeni ndio waliotoboa bomba wapate mafuta ya wizi. Sisi! Tuliokwenda langoni na magauni ya kanisani! Halafu mkalimani akasema, "Bwana mkubwa anasema, hakuna aliyekufa, mshukuruni Mungu."

Ndugu zangu, nilisimama. Sijawahi kusema mbele ya mzungu. Nikamwambia mkalimani, "Mwambie hivi, na usipunguze neno. Mungu nitamshukuru mimi mwenyewe, namjua, tunaongea kila siku. Asimtumie Mungu wangu kufunikia bomba lake. Mungu ametuponya. Yeye alitaka kutuua. Hayo ni mambo mawili, asiyachanganye."

Sijui kama mkalimani alisema yote. Lakini bwana mkubwa masikio yalikuwa mekundu. Na bomba walilihamisha, likazungukia mbali, baada ya sisi kulala chini juu yake wanawake wote, Waislamu na Wakristo, tukakataa kuondoka. Bi Mwanakombo alilala katikati, akaleta na mto wake.

Mchungaji, naona unanitazama. Nafika, nafika. Kuna wenzangu hapa wananiambia, mama, ukiokoka hasira inatoka. Basi yangu haijatoka, na nimeiombea. Yesu alipindua meza za watu hekaluni, na alikuwa ameokoka kuliko sisi wote. Ninachoshuhudia ni hiki: nilikuwa na ndoo ya mauti mikononi, nakimbia nayo kwa mapenzi yangu yote kwenda kwa mwanangu, na Bwana akanizuia mlangoni. Wewe uliye nje bado, unakimbia na ndoo gani? Njoo. Mwamini huyu. Hata akikunyima unachoomba, mwamini. Wala usidhani ukimwamini lazima uwanyamazie waliokuchimbia shimo.

Yule mtoto ni huyu hapa, Tumaini, anayenivuta kanga nimalize. Ameshaanza shule. Juzi nilimsimulia habari hii yote, akaniuliza, "Bibi, na wewe ukifa, nani atamkasirikia yule bwana?"

Nikamwambia, "Mungu, mjukuu wangu."

Akafikiri. Akasema, "Mungu ana kazi nyingi, bibi. Huyo niachie mimi. Nakuahidi."