Waliomficha Baba Kipusa

Kijiwe chenyewe ni ubao mrefu juu ya matofali, nje ya kibanda cha kinyozi, pale barabara inapokata kona, kwa hiyo hakuna anayepita bila kukaguliwa. Wanaokikalia ni wale wale. Kuna Kachero, aliyelinda maghala ya watu mpaka akastaafu, ila macho yake hayajastaafu. Kuna Profesa, kinyozi mwenye kibanda, ambaye shule aliiacha mapema lakini methali zimekataa kumwacha. Na kuna Shangazi, shangazi wa kila mtu, anayeuza kahawa na kugawa maneno bure. Sheria ya hapo ni moja: mgeni akiulizia mtu wetu, hatumjui. Sheria hiyo imewaokoa wengi, na wao wanajivunia hivyo utadhani waliipitisha bungeni.

Jioni moja Baba Kipusa, fundi wa friji, alifika na mkoba wake wa zana begani. Tangu aachane na mkewe alikuwa akipita kijiweni kila siku, maana nyumbani hapakuwa na wa kuongea naye. Kipusa, msichana wa miaka tisa, aliondoka na mama yake. Hakuwa damu ya fundi. Mama yake aliolewa naye akiwa amembeba mgongoni. Hilo mtaa mzima ulilijua, na mtaa mzima ulimwita fundi Baba Kipusa bila kufikiria mara mbili.

— Kaa chini, Baba Kipusa, alisema Kachero. Leo tumekuokoa.

— Mmeniokoa na nini?

— Na mwanamke. Kaja asubuhi, viatu vya kufunga, faili kwapani. Kasalimia vizuri mno. Mtu akisalimia vizuri namna ile, ujue anataka kitu.

— Akauliza kama tunamjua fundi wa friji na mtoto aliyekuwa akiishi naye, alidakia Profesa, akikung'uta taulo.

— Nikamwambia fundi tunamsikia tu, alisema Kachero. Mtoto hatujawahi kumwona. Nikamkazia macho mpaka akaangalia pembeni.

— Na mimi nikaongezea, alisema Shangazi akimmiminia kahawa, kwamba wewe na watoto hampatani. Ukiwaona unavuka barabara.

Fundi alikipokea kikombe, hakunywa.

— Alisema ametoka wapi?

— Hapo ndipo alipojichongea, alisema Kachero. Eti ametoka ofisini. Ofisi gani? Hatukumuuliza, kwa sababu angetudanganya.

— Mimi nilijua palepale, alisema Shangazi. Ni posa hiyo. Kuna mwanamke anakutaka, ndugu zake wamemtuma yule achunguze kama una mizigo.

— Posa haibebi faili, alisema Kachero. Yule ni mtu wa kodi. Siku hizi wanaanzia kwa watoto. Wakijua una watoto wangapi wanajua unalisha nini, wakijua unalisha nini wanajua unaingiza nini.

— Nyie mnacheza, alisema Profesa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Mliona alivyotembea polepole? Basi polepole ile ina jambo ndani yake. Yule ni mke wako wa zamani, kavaa wigi.

— Mke wangu ni mrefu.

— Kuna watu wanajua kujikunja.

Kachero akasogea karibu, sauti ikashuka.

— Au ni baba mzazi mwenyewe. Kuna aliyewahi kumwona? Hakuna. Basi anaweza kuwa mtu yeyote.

— Kwenye gauni? aliuliza fundi.

— Ndiyo maana hatukumshuku.

Wakalitafakari hilo kwa uzito wake. Fundi akaweka kikombe chini, kahawa ikamwagika kidogo kwenye ubao.

— Ni afisa wa ustawi wa jamii, alisema. Mimi ndiye niliyemwomba aje.

Ikabidi awaeleze. Mama Kipusa alihamia kwa kaka yake na kumkataza mtoto hata kupokea simu ya fundi: si damu yako, unamtafutia nini? Fundi akaenda ustawi kuomba awe na Kipusa mwisho wa wiki na wakati wa likizo. Wakamwambia kuomba anaruhusiwa, kwa kuwa amelea, lakini asiye na damu ni lazima alete watu, watu waliomwona akilea. Shauri lingesikilizwa Ijumaa. Ndugu zake wako mbali, na wapangaji wenzake huhama kabla hujazishika sura zao. Waliomwona kwa karibu kila siku ni hawa watatu tu. Lakini afisa alimwonya asimpange mtu cha kusema, wangekuja wenyewe bila taarifa. Na fundi ni mtu asiyeweza hata kumdanganya mteja kwamba kompresa ni mpya, basi alifunga mdomo wake kama alivyoambiwa.

— Ungetukonyeza hata kidogo, alisema Shangazi.

— Nilikatazwa.

— Na wewe ukatii.

Kachero alikuwa ameshamgeuzia fundi yale macho ya ghalani.

— Ngoja kwanza. Mtoto si damu yako. Mama yake keshaondoka. Hakuna aliyekulazimisha. Mwanamume wa namna hiyo hushukuru Mungu akalala. Wewe unamtaka kwa nini?

— Na damu ni nzito kuliko maji, alisema Profesa.

— Kwani wewe ukiwa na kiu unakunywa ipi? aliuliza Shangazi.

— Shangazi, wahenga hawakosei. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama katajwa, ulimwengu umetajwa. Baba wa kambo umemsikia hapo?

— Kuna urithi, alisema Kachero. Babu wa huyo mtoto ana ardhi mahali, na huyu kashanusa.

— Au ni nyota ya mtoto, alisema Profesa. Tangu aletwe kwake, friji za mtaa huu zinaharibika bila kupumzika. Hamjajiuliza?

Fundi alikuwa amezoea utani wao, lakini siku ile ulimchoma. Alisimama.

— Alikuja kwangu hajaota jino, alisema. Nilimfundisha kutembea akiwa ameshika mlango wa friji mbovu. Akiumwa nilikuwa nalala sakafuni kando ya kitanda chake, nimsikie akipumua. Sasa nikirudi nyumbani naongea na redio. Sitaki ardhi ya mtu. Namtaka mwanangu.

Kachero aliona aibu, maana ni Kipusa huyo huyo aliyekuwa akimsomea ujumbe wa simu pale pale, kwa sauti ya mtangazaji wa habari. Profesa alikuwa akimnyoa bure. Shangazi alikuwa akimpisha aandike hesabu zake penye meza ya vikombe wakati akimngoja baba yake atoke kazini. Walimpenda yule mtoto, na walimpenda fundi, na ndiyo sababu wakadanganya kwa moyo wote.

— Tumeharibu, alisema Shangazi.

— Bado. Akirudi tutamweleza, alisema Kachero. Ila tuseme yanayofanana, asije akatushuku.

— Msipange kitu, alisema fundi. Semeni mlichokiona wenyewe.

— Tulichokiona, ndiyo. Hajaota jino, si ndivyo?

— Na mlango wa friji, alinong'ona Profesa.

Wasichokijua, hata fundi mwenyewe hakukijua, ni kwamba maafisa wale hupita mara mbili: mara moja mwombaji akiwa hayupo, mara ya pili akiwa amerudi. Yule mwanamke akatokea kwenye kona na faili lake, akitembea polepole vile vile, akawasalimia vizuri vile vile.

— Karibu, karibu, alisema Kachero kabla hajaulizwa. Huyu hapa ndiye baba. Alimpokea mtoto hajaota jino.

— Hata moja, alisema Profesa. Akamfundisha kutembea kwa mlango wa friji.

— Friji mbovu, alisema Shangazi. Na alikuwa akilala sakafuni, amsikie akipumua.

Fundi alifumba macho. Kila neno lilikuwa la kweli, na kila neno lilikuwa limetoka kinywani mwake muda mfupi uliopita.

Afisa alifungua faili lakini hakuandika. Alimtazama Kachero, kisha Shangazi, bila hasira.

— Mzee wangu, asubuhi uliniambia mtoto hamjawahi kumwona. Na wewe, mama, ulisema huyu bwana hapatani na watoto. Sikuja kugombana na mtu. Nauliza jambo moja tu. Mlipangwa asubuhi, au mmepangwa sasa?

Profesa, ambaye methali zimemwacha kwa mara ya kwanza, akakung'uta taulo. Shangazi akatikisa birika, ingawa hakuna aliyeomba kahawa. Kachero, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu ghala lake la kwanza, akaanza kuhesabu matofali chini ya ubao. Kisha wote watatu, bila kuambiana, wakageuka kumtazama fundi wasikie waseme nini. Afisa akafuata macho yao mpaka kwake, akainama, akaanza kuandika.