Mwanachama wa Arobaini

Marehemu, aliyejulikana na wengi kama Fundi Saa, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya watano.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1965 hadi 1971. Akiwa darasa la tano aliipiga kengele ya shule kwa jiwe kutoka hatua sitini, na shule nzima ikaenda nyumbani kabla ya wakati. Alichapwa, kisha mwalimu mkuu akamwomba arudie, maana hakuamini.

Mwaka 1981 alifungua chumba chake cha kutengeneza saa, ubavuni mwa fundi viatu. Huko ndiko Mama Pacha, mjane wake, alikopeleka saa ya ukutani. Ilirudi ikichelewa. Akaipeleka tena, na tena. Mara ya nne akamuuliza, "Wewe ni fundi kweli?" Akajibu, "Fundi ni mimi. Ila ikipona, utarudi kufanya nini?" Walifunga ndoa tarehe 12 Mei 1984.

Mwaka 1991 alijiunga na klabu ya kulenga shabaha kwa bunduki za upepo, akaipatia vikombe sita. Kisha mwaka 2013 mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Daktari alisema ugonjwa huo hauna tiba. Saa zikamshinda, bunduki ikamshinda, nasi tulitazama tu. La kufanya hatukuwa nalo.

Akaomba daftari la wanachama. Walikuwa kumi na mmoja, na shirikisho lilikuwa limetoa muda hadi mwaka huu wafike arobaini, la sivyo klabu ifutwe kwenye mashindano. Aliandikisha daktari wa meno, yeye mwenyewe akiwa bado ameachama kitini. Aliandikisha fundi viatu, walimu, hata muuguzi aliyemtundikia dripu. Mkewe tu ndiye aliyemshinda. "Mimi na bunduki? Niache na sufuria zangu," alimwambia kila Januari, naye alicheka.

Mwezi Juni mwaka huu walitimia arobaini, yeye akiwamo. Alifariki tarehe 28. Wakabaki thelathini na tisa, na orodha ilifungwa tarehe 30 saa sita mchana. Kocha wa klabu alipiga simu siku mbili akitafuta mtu mmoja tu wa kujiandikisha. Kila mtu alisema atakuja baada ya mazishi. Klabu imefutwa.

Jana, akitafuta tai ya kumvika mumewe, Mama Pacha alikuta fomu kumi na moja za uanachama, moja kwa kila mwaka, zote zenye jina lake. Marehemu alikuwa amekwisha kusaini mahali pa mdhamini. Saini ya kwanza imenyooka. Ya mwisho ni mikwaruzo tu. Fomu hiyo ilikosa saini yake mama peke yake.

Aliisaini, akampelekea kocha. "Dada, muda umepita," kocha alimwambia.

"Najua, shemeji. Niandike tu."

Marehemu ameacha mjane, mabinti pacha, wajukuu wanne, kaka mmoja na wanachama arobaini.

Mungu ampumzishe, na mkono wake utulie.