Mwalimu Strautmanis, Aliyetufundisha Kuondoka

Tarehe 30 Juni 2023, Mwalimu Ilgvars Strautmanis anastaafu baada ya kuitumikia Shule ya Sekondari ya Sarmupe, hapa Latvia, kwa miaka thelathini na minane. Wasifu huu ulistahili kuandikwa na mwalimu mwenzake wa Kiingereza. Mwenzake huyo yuko Ayalandi tangu mwaka 2006, anapanga uyoga kwenye vikasha. Kwa hiyo Mkuu wa Shule, Bi Mudīte Kalve, amelikabidhi jukumu hili darasa la kumi na moja, ambalo lina wanafunzi wanne.

Mwalimu aliajiriwa mwaka 1985 kufundisha Kirusi, na alikifundisha vizuri. Kisha dola iliyokihitaji Kirusi hapa kwetu ikavunjika. Mwishoni mwa Agosti 1991, mkuu wa shule wa wakati huo alimkuta bustanini akichimba viazi, akamkabidhi kitabu kimoja na kamusi isiyo na jalada.

"Ilgvars, tarehe mosi Septemba unaanza kufundisha Kiingereza."

"Mimi sikijui."

"Watoto nao hawakijui. Nani atakucheka?"

Mwaka ule wa kwanza Mwalimu alilitangulia darasa kwa kurasa mbili. Wazazi wetu bado wanakumbuka somo la Mwingereza aliyemnunulia mchumba wake waridi kumi na mbili. Darasa zima lilitazamana, kwa kuwa Latvia maua ya idadi shufwa hupelekwa makaburini tu. Aliye hai hupewa witiri.

"Mwalimu, huyo mchumba alikufa lini?" aliuliza mmoja.

"Subirini. Huko bado sijafika," alijibu Mwalimu.

Mwaka 2004 nchi yetu ilijiunga na Umoja wa Ulaya. Tuliambiwa kwamba sasa tunaweza kuishi na kufanya kazi popote barani, na Sarmupe iliwaamini walioyasema hayo kuliko walivyotarajia. Vijana waligundua jambo moja muhimu. Mlatvia, Mpolandi, Mhispania na Mromania wakikutana katika ghala moja huko Uholanzi, wataongea Kiingereza. Kila mmoja atakivunja kwa namna ya kwao, na wote wataelewana vizuri mpaka aje Mwingereza.

Ndipo Mwalimu alipobuni zoezi la Ijumaa. Aligeuza meza yake, akavaa koti la suti, akawa mwajiri. Wiki moja alikuwa msimamizi wa shamba la uyoga Ayalandi, wiki nyingine meneja wa hoteli Hamburg au bosi wa kiwanda cha samaki Denmaki. Mwanafunzi alipaswa kubisha hodi, kuketi, na kutoka akiwa ameajiriwa.

"Kwa nini unataka kufanya kazi hapa?"

"Kwa sababu napenda samaki, bwana."

"Wewe hupendi samaki, unapenda mshahara. Toka nje, ingia tena, useme hivyo hivyo ukiwa umetabasamu."

Aliyeshindwa alirudia Ijumaa iliyofuata. Hakuna aliyewahi kushindwa mara tatu.

Mafanikio ya Mwalimu yanajulikana. Kwa miaka kumi na mmoja shule yetu iliongoza wilaya katika mtihani wa Kiingereza, na cheti cha pongezi kimetundikwa mlangoni pa maktaba. Katika miaka hiyo hiyo idadi ya wanafunzi ilishuka kutoka mia nne na kumi na wawili hadi tisini na saba. Taarifa hizi mbili hazijawahi kuandikwa kwenye ukurasa mmoja, basi tunaziandika hapa. Duka la dawa limefungwa. Kinyozi huja Jumatano. Hata benki, ambayo haikusoma kwa Mwalimu, iliondoka.

Yeye mwenyewe hajawahi kuvuka mpaka. Mwaka 2011 wanafunzi wake wa zamani walimlipia safari ya London. Alifika uwanja wa ndege wa Riga, akakumbuka kwamba nyuki wake walikuwa karibu kuhama mzinga, akarudi kwa basi la saa nane. London aliifundisha mwaka uliofuata kama kawaida, kwa ujasiri, pamoja na vituo vya treni na bei ya tiketi ya mwaka 1988.

Uingereza ilipojitoa katika Umoja, tuliona tumepata nafasi.

"Mwalimu, wenyewe wameondoka. Sisi tunaendelea na Kiingereza cha nini?"

"Mgeni akisahau mwavuli kwako na mvua inanyesha, utakaa unalowana kwa sababu si wako?"

Tuliendelea.

Sasa tuyaseme yaliyotokea mwaka huu, kwa kuwa ndiyo yaliyotukosesha raha. Mwalimu alikuwa astaafu mwaka 2021. Alibaki miaka miwili zaidi kwa ajili yetu, wanafunzi kumi na mmoja wa darasa la kumi hadi la kumi na mbili. Wilaya ilituma barua: ikifika tarehe 15 Juni bila jina la mwalimu mpya wa Kiingereza, madarasa hayo matatu yatafungwa, na sisi tutahamishiwa bweni la mji mwingine, kilomita arobaini na sita kutoka nyumbani. Tangazo la kazi lilikaa wazi kwa miezi minane. Aliyeomba alikuwa mmoja, naye alitaka kujua kama kazi hiyo inaweza kufanyika akiwa Riga.

Mwezi Machi Mwalimu aliwaandikia wanafunzi wake wa zamani mia mbili na kumi na wawili. Anwani zao alikuwa nazo, kwa sababu hadi leo humtumia barua zao za maombi ya kazi awasahihishie, naye huwasahihishia. Sitini na watatu walijibu, na wote walikataa. Kila jibu lilikuwa na salamu, hoja tatu na hitimisho, kama alivyowafundisha. Alizichapisha barua zote, akazisahihisha kwa kalamu nyekundu, akazipa alama kati ya kumi na kuzirudisha. Muuguzi mmoja wa Cork, Ayalandi, alipata tisa, na chini yake maneno haya: "Safi sana, ila hoja ya pili si kweli. Mama yako haumwi. Nilimwona jana dukani akibeba mfuko wa saruji."

Mwezi Mei alifika Dagnija Rubene, aliyehitimu hapa mwaka 2009, pamoja na mumewe Rui, Mreno. Walikutana Rotterdam wakipanga maua kwenye ndoo. Lugha yao ya pamoja ni Kiingereza peke yake, kwa hiyo hata ugomvi wa nyumbani kwao una sentensi za Mwalimu ndani yake. Walikuja kutazama paa la nyumba ya mama yake Dagnija, wakasikia habari zetu, na Rui akajitolea. Ana shahada ya kufundisha Kiingereza. Ulaya yote iko wazi mbele yake: anaweza kuhamia Sarmupe, kununua nyumba na kufuga mbuzi bila kumwomba mtu ruhusa. Ila kufundisha Kiingereza katika shule yetu kunahitaji cheti cha Kilatvia.

"Kilatvia anakijua?" Bi Mudīte alimuuliza Dagnija.

"Anajua 'mkate', 'asante' na 'mama mkwe'."

"Hayo yanatosha kwa ndoa. Kwa wizara hayatoshi."

Rui alitafsiriwa jibu hilo, akasema ni haki, kisha akamtazama mkewe. Bi Mudīte naye akamtazama. Dagnija ana shahada ya lugha, na anaruhusiwa kufundisha huku akisomea ualimu.

"Msinitazame hivyo. Mimi nimekuja kuona paa," alisema.

Hata hivyo, tarehe 14 Juni alifika kwa usaili. Joto lilikuwa kali na mlango uliachwa wazi, hivyo wanafunzi wote kumi na mmoja tulikuwa na shughuli za lazima ukumbini, nje ya mlango huo. Mwalimu aliketi upande wa mwajiri, safari hii kwa kazi ambayo ilikuwepo kweli.

"Kwa nini unataka kufanya kazi hapa?"

Dagnija alicheka, kisha akaacha.

"Mwalimu, ulinifundisha kujibu Hamburg. Ulinifundisha kujibu Denmaki na Ayalandi. Hapa hukunifundisha."

Mwalimu alivua miwani yake na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ni kweli," alisema. "Sikukufundisha. Basi jibu kama unavyoweza."

"Miaka kumi na minne watu wananiuliza natoka wapi. Nikisema Sarmupe, wanatafuta kwenye simu, wanasema hakuna mahali kama hapo. Nimechoka kubishana nao. Nataka siku nyingine wakitafuta, waione."

Mwalimu alimgeukia Bi Mudīte. "Hiyo ni hoja moja. Zinatakiwa tatu."

"Ilgvars, kesho ni tarehe kumi na tano. Moja inatosha."

Dagnija alitia saini mkataba wa mwaka mmoja. Madarasa yetu hayatafungwa, angalau hadi tutakapohesabiwa tena. Mwalimu mpya ameshatuambia kwamba mwajiri wa Ijumaa ya kwanza ya Septemba atakuwa Halmashauri ya Mji wa Sarmupe. Tumeanza kujiandaa. Katika darasa letu la watu wanne, wawili tayari wana hoja moja kila mmoja, na hakuna aliyenakili ya mwenzake.

Mwalimu Strautmanis, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minane, na hasa kwa ile miwili ambayo hukudaiwa na mtu. Watu wa mji huu wamekaribishwa kazini katika nchi kumi na saba kwa sababu yako. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele, na majirani wa kutosha kukusumbua.