Fundi, Usibonyeze Kwanza!

Benchi letu limeegemea ukuta wa ofisi ya kukatia tiketi za ndege, hatua chache kutoka kwenye cherehani ya Fundi. Miaka nenda rudi tunakaa hapo, migongo ukutani, vikombe mkononi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuingia mle ndani. Tukafuate nini? Basi asubuhi hiyo mimi, mtengeneza saa, nafika namkuta Fundi ameduwaa, futi ya kupimia shingoni, simu mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia kimening'inia hewani. Binti yake wa pekee aliolewa ng'ambo, na siku yoyote kuanzia sasa anajifungua. Mama wa binti ni marehemu. Fundi ameapa kwamba mjukuu wake hatapokelewa na wauguzi peke yao kama mzigo wa posta. Akiba yote aliyokuwa akiificha kwenye kopo la vifungo ameshaiingiza kwenye simu.

— Kampuni ya ndege imeniletea ujumbe, akasema. Nikinunua pointi kabla ya saa sita leo, naongezewa nyingine bure. Halafu pointi ndizo zinakuwa nauli. Jamani, ninunue nisinunue?

— Nunua! akaruka Mhandisi. Huyu tulimpa jina hilo siku aliyobadilisha balbu ya jirani, mtaa mzima ukazimika.

— Ngoja kwanza. Pointi ni kitu gani hasa? Hilo lilikuwa swali la Kanali, mlinzi wa duka la magodoro. Cheo alijipandisha mwenyewe.

— Pointi ni nauli iliyokaushwa, Mhandisi akajibu bila kupepesa macho. Kama maziwa ya unga. Ukifika uwanja wa ndege wanatia maji, inakuwa nauli kamili.

— Toka hapa! nikasema.

— Wewe cheka. Akinunua moja anapata mbili, si tayari nusu bei? Haba na haba hujaza kibaba.

— Fundi hapandi kibaba, anapanda ndege.

— Na akishapanda, akaingilia Kanali, anapewa pointi nyingine kwa kule kupanda tu. Binamu yangu aliniambia. Sasa piga hesabu: anaenda, anapewa pointi. Anarudi kwa zile pointi, anapewa tena. Anaenda tena. Mtu asiyeshuka kabisa kwenye ndege hana gharama hata kidogo!

— Halafu cherehani nitaiweka wapi? Fundi akauliza, na kidole kikashuka kidogo.

— Huko huko juu! Suruali ngapi zinachanika angani, na fundi hayupo?

Benchi likacheka hadi likalia. Mama Kahawa, ambaye birika lake ndilo bunge letu, akatikisa kichwa.

— Basi na mimi naanzisha pointi. Leteni hela leo, kahawa mtakunywa mwakani.

— Kwa bei ya leo? Mhandisi akauliza, mkono umeshaingia mfukoni.

— Ya leo. Na kikombe cha nyongeza.

— Niandikie kumi.

— Umeona, Fundi? nikamwambia. Hapo ndipo unapotaka kuweka akiba yako.

— Usimtie woga! Kanali akang'aka. Mwenye pointi nyingi anakaa mbele kabisa. Sasa ndege inaingia na nini kwanza? Na pua. Kwa hiyo wa mbele anafika kabla ya wa nyuma, na muda ni mali. Hapo ameshaokoa nauli ya robo safari.

— Na ya kurudi? Fundi akauliza.

— Ya kurudi hulipi. Wahenga walishasema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngamani ni bure.

— Nani kakwambia ngamani ni bure?

— Umewahi kusikia mtu kadaiwa ngamani?

Nikamtazama Fundi. Hakuwa akicheka tena.

— Nyinyi mnafanya mzaha, akasema polepole. Jana usiku kanipigia. Hakusema njoo. Alisema tu, baba, hapa hakuna mtu wa kunikanda mgongo. Mimi hii hela sina nyingine. Nikikosea, ndiyo basi.

Saa sita ilikuwa inabisha hodi. Mhandisi akasema kwa upole, asiyekubali kushindwa si mshindani, bonyeza. Sikuelewa inahusu nini, lakini kidole cha Fundi kikaanza kushuka.

— Shikamooni!

Alikuwa binti mmoja, mteja wa Fundi. Fundi akaficha simu kwapani, kama mafundi wote wafanyavyo wakimwona mteja.

— Marahaba, mwanangu. Gauni lako limebaki vifungo tu.

— Na wiki iliyopita lilibaki vifungo tu.

— Subiri kidogo, binti, tuna jambo zito, Kanali akasema, na yeye na Mhandisi wakamweleza kwa pamoja: nauli iliyokaushwa, pua ya ndege, ngamani. Yule binti akasikiliza mpaka mwisho, masikini.

— Na akikata tiketi ya kawaida, bila hizo pointi, nauli ni kiasi gani?

Mhandisi alimtazama Kanali, Kanali akanitazama mimi, mimi nikatazama kikombe.

— Kwani haijaandikwa hapo nyuma yenu?

Tukageuka. Kweli, ukutani palikuwa na tangazo la nauli, lakini migongo yetu ilikuwa imeshalifuta. Ilibaki sifuri moja tu.

— Sifuri! Kanali akapiga kelele. Fundi, ni bure!

Fundi hakumngoja. Alisukuma mlango wa ile ofisi na futi yake shingoni, sisi tukabandika nyuso kwenye kioo hadi kikaingia ukungu. Alipotoka, macho yalikuwa yamejaa machozi na mdomo umejaa kicheko.

— Inatosha! Kwenda na kurudi, tena ni chini ya bei ya zile pointi! Naondoka kesho alfajiri! Lakini wananiuliza, kiti cha dirishani au cha njiani?

— Dirishani! Mhandisi akapaza sauti. Unaokoa taa!

— Njiani! Kanali akajibu. Ukishuka wa kwanza, mjukuu atakujua!

Tulikuwa tunakumbatiana, tunapigana vibao vya mgongo, Mama Kahawa anapiga vigelegele. Binti wa watu akangoja tuishe pumzi.

— Hongera, baba, akasema. Harusi yangu ni Jumamosi. Gauni nani atalitia vifungo?

Mama Kahawa akainua birika, akalitikisa, akaliinamisha. Halikutoka hata tone. Bunge limefungwa.