Mwanafunzi wa Mwisho wa Mama Klachi

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Klachi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi reli na mkunga. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1979. Kwenye ripoti yake mwalimu mkuu aliandika kwamba ana kelele. Hakumsingizia.

Mwaka 1984 aliajiriwa katika shule ya udereva, mwanamke pekee pale, akafundisha mpaka alipostaafu. Nusu ya madereva waliopo hapa leo waliwahi kufokewa naye: "Kanyaga klachi, siyo mguu wangu!"

Mwaka 1988 alifunga ndoa na fundi saa, mtu mpole aliyewahi kushika usukani mara moja tu, akaingia mtaroni, akaapa harudii. Walijaliwa watoto wawili. Binti yao wa mwisho anatumia kiti cha magurudumu, na kila asubuhi mama yake ndiye aliyempeleka kazini, maktaba.

Saratani ya titi iligunduliwa mwaka 2017, akafanyiwa upasuaji. Mwaka 2022 ilirudi, safari hii imefika mapafuni. Daktari alimweleza kuhusu dawa ya dripu inayotolewa pamoja na kemo, inayouzuia uvimbe usijioteshee mishipa mipya ya damu ya kuulisha.

"Mama, haitakuponya. Wala siwezi kukuahidi kwamba itakuongezea maisha. Inaweza kuuchelewesha tu."

"Basi uchelewe," dada alimjibu. "Nina mwanafunzi mmoja hajafaulu."

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa mumewe. Dawa ilimpandisha dada presha, na siku moja katikati ya somo pua ikamtoka damu. Akaibana kwa leso. Shemeji akageuka kumtazama.

"Baba watoto, macho barabarani! Damu ni yangu, gari ni lako."

Shemeji alifeli mtihani wa kwanza, akataka kuacha. Dada hakutaka hata kumsikia. Leseni ilipatikana Oktoba 2023. Januari vipimo vilionyesha uvimbe umeanza kukua tena, na dawa ikasimamishwa. Aliumwa sana, na sisi tuliumia kumwona. Alifariki dunia hospitalini Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, binti yake akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mtoto wa kiume, binti, wajukuu watatu, na sisi wadogo zake wawili. Dada yetu apumzike kwa amani, kazi yake ameimaliza. Shemeji, keshokutwa ni Jumatatu. Binti yenu anaingia kazini saa mbili.