Mama Nombo, Tetea na Karatasi ya Ukutani

Leo, tarehe 30 Juni 2025, Mama Marselina Nombo anastaafu baada ya kukitumikia chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Mbinga kwa miaka thelathini na minne kamili. Tarehe hizi zimehakikiwa mara tatu katika jalada lake, kwa sababu yeye mwenyewe yumo ukumbini na ataliona kosa kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mama Nombo alizaliwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, ambako dagaa waitwao usipa huanikwa mchangani. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1991 kama mpiga chapa, akawa karani wa masijala, na tangu mwaka 2009 amekuwa mkuu wa masijala. Ameipitia mashine ya taipu, ameipitia mashine ya stensili iliyompaka wino hadi viwikoni, na aliipokea kompyuta ya kwanza, ambayo kwa mwaka mzima ilifunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya sebuleni. Hata hivyo, wengi tutamkumbuka kwa ajili ya Tetea.

Kwa wageni wetu: Tetea ni printa ndogo ya wino wa maji, ya aina ambayo watu huweka nyumbani, iliyonunuliwa mwaka 2013 kwa ajili ya picha za wanachama. Iliitwa hivyo kwa kuwa, kama kuku anayetaka kutaga, hulia muda mrefu, kisha hutoa moja. Sisi wengine tulidhani kazi ni kubonyeza kitufe. Mama Nombo alijua kwamba kazi ni kuchagua karatasi.

Aliyejifunza hilo mapema ni bwana shamba wetu, Mzee Hamphrey. Alitaka picha yake itoke siku hiyo hiyo, akaenda mwenyewe dukani kwa Bwana Ausi na kurudi na karatasi nzuri, laini, iliyotengenezwa kwa printa za wino wa unga. Wino wa Tetea haukupata pa kuingia. Picha ilikaa siku mbili bila kukauka, na sharubu za Mzee Hamphrey zikashuka taratibu hadi kwenye kola.

Mama Nombo aliirudisha pakiti dukani. Bwana Ausi akajitetea: "Karatasi ni karatasi tu, mama."

"Na kitambaa ni kitambaa tu, baba. Mbona kanzu yako hukuishona kwa turubai?"

Bwana Ausi alicheka hadi akakaa. Tangu siku hiyo hauzi karatasi ya picha kabla ya kumuuliza mteja kama printa yake ni ya wino wa maji au wa unga.

Mwandishi wa wasifu huu naye ana deni la shukrani. Katika wiki yake ya kwanza kazini alikabidhiwa picha arobaini za wanachama wa vijiji vya Kitura na Ruanda, zikiwa mbichi kutoka kwa Tetea. Kwao mwandishi, kitu chochote kibichi huanikwa. Akazibeba akazipanga juani kwenye chanja ya kukaushia kahawa nyuma ya ofisi, kwa mistari iliyonyooka. Hadi saa sita zilikuwa zimejikunja, na manyunyu yalipopita zikagandana na maganda ya kahawa.

Alingoja barua ya kuachishwa kazi. Mama Nombo alitoka, akaiangalia chanja, akasema: "Mwanangu, wanachama umewaanika kama usipa." Kisha akaingia ndani, akazichapa upya zote arobaini, akaonyesha jinsi ya kuziacha kivulini, moja moja, bila kupandana. Jambo hilo hakulipeleka kokote. Linafika kwa uongozi leo, kwa njia ya wasifu huu.

Somo lake lilianza na swali moja: "Picha hii itaishi wapi?" Ya kwenye albamu ipewe karatasi nzito inayong'aa. Ya kitambulisho ipewe nyembamba, maana itafunikwa plastiki. Ya ukutani, kwanza mtu aende akauone ukuta. Kabla ya kuchapa, lowesha kidole kidogo tu, gusa pembeni kabisa. Upande unaonata ndio wa wino. Zinazobaki zirudi kwenye mfuko wao, kwa kuwa ukungu wa Mbinga huingia hata kwenye droo.

Kama mjuavyo, kila anayestaafu hapa hutundikiwa picha yake kwenye korido siku ya kuaga, naye haruhusiwi kuiona kabla. Zipo kumi na moja, na tano za mwisho alizichapa Mama Nombo. Ya kwake ilibidi ichapwe na mtu mwingine. Kwenye mfuko zilikuwa zimebaki karatasi mbili: moja inayong'aa, moja isiyong'aa.

Mwandishi alichagua inayong'aa, akiamini Mama anastahili kung'aa. Picha ilitoka safi sana. Alipoijaribisha koridoni, ukutani mkabala na dirisha, uso wa Mama ukapotea. Kwenye mng'ao wake likaonekana dirisha, na mti wa mgrevilea wa nje. Mwandishi hakuwa amekwenda kwanza kuuona ukuta.

Ikabaki karatasi moja. Upande wa wino ulipaswa kutafutwa kwa kidole, na kidole hakikuhitaji maji. Kiganja kizima kilikuwa kimelowa kwa hofu. Tetea alilia, akalia, akatoa.

Picha ndiyo hiyo chini ya kitenge, mbele yenu. Mama Nombo, kwa niaba ya wafanyakazi wote, asante kwa subira na kwa macho yako makali. Uende Lipingo kwa amani, ule usipa uliokauka vizuri, na wajukuu wakuache upumzike angalau mchana.

Sasa tunakuomba uifunue. Haing'ai. Pembeni chini, kushoto, utaona alama ya kidole. Kidole ni changu, Mama. Upande ndio wenyewe, ule wa wino.