Celedonio Alivyojifunza Kumngoja Mwimbaji

Mheshimiwa Meya, Padre Anselmo, Ndugu Mwenyekiti wa klabu yetu ya flamenko, muziki wetu wa sauti na gitaa, wageni waalikwa mliotoka Seville na Cádiz, majirani zangu wa mtaa wa Santiago, na wewe Celedonio uliyejificha nyuma ya mama yako: habari za mchana!

Nimeombwa mimi, Encarna, niliyeimba miaka arubaini na mitano, nimsifu mpiga gitaa tunayemtunuku leo. Nitamsifu, lakini kwanza nitamsema.

Nani hapa hakumjua Celedonio wa miaka kumi na tisa? Vidole vyake vilikuwa na mbio za panya aliyeona paka! Baba yake, Baltasar fundi mapipa, alifunga karakana mapema ili akamsikilize. Mwaka ule, kwenye sikukuu ya mavuno ya zabibu, tulipandishwa jukwaani pamoja. Nikaimba ubeti wa kwanza, nikanyamaza nivute pumzi. Kijana akaikamata ile nafasi, akaijaza madoido. Nikangoja. Watu wakamshangilia, akaongeza. Wakapiga vigelegele, akaongeza tena! Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia mbele ya umati, "Mwanangu, ukifika huko uendako, tuandikie barua."

Ninyi mlicheka. Yeye hakucheka. Kwa miezi miwili, kila akiniona alivuka barabara. Kisha asubuhi moja akaingia jikoni kwangu, mikono mitupu.

"Shangazi Encarna, nifundishe."

"Nikufundishe nini? Mimi gitaa hata kulishika sijui."

"Gitaa nimeliacha nyumbani. Nataka kujua unavuta pumzi lini."

Ndugu zangu, mwimbaji angejibu nini hapo? Majira yote ya baridi nilimkalisha kwenye kigoda. Mimi naimba, yeye anapiga makofi tu, ya chini kwa chini, macho yake shingoni mwangu. Vidole vilimwasha, akapigapiga meza hadi vijiko vikaruka. Siku moja alilia. Nikampa bakuli la supu ya kabichi na njegere, akala, tukaanza upya.

Tangu hapo tulizunguka pamoja kwenye harusi na ubatizo, hadi miaka minne iliyopita, madaktari waliponikata uvimbe kooni. Nilipopona, ukumbi mmoja mkubwa wa Seville ukamwalika yeye ampigie gitaa mwimbaji mwingine, kijana.

"Encarna hawezi tena," wakamwambia.

"Basi na mimi siwezi," akajibu.

Wakatualika wote wawili. Na kweli, wenzangu, katika ubeti wa pili sauti ilinipotea, ikaniacha mdomo wazi mbele ya watu elfu moja. Angetaka, angeniokoa kwa zile mbio zake. Wangempigia makofi, nami ningetoka jukwaani kama mgeni aliyekosea mlango. Hakufanya hivyo. Alishuka kwenye uzi mmoja, mzito, akaugusa taratibu, akaugusa tena, akinitazama shingoni. Hakunihimiza. Akaningoja mpaka pumzi ikarudi, nami nikaumaliza ubeti kwa sauti iliyokwaruza kama sufuria inayosuguliwa mchanga.

Mtu mmoja akapaza sauti kutoka viti vya juu, "Mungu awatunze, wazee!"

"Mzee ni huyu peke yake!" Celedonio akajibu. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka nikilia.

Sasa niungame. Klabu ilipopiga kura kumfanya mwalimu wetu mkuu wa gitaa, kura themanini na tatu zilisema ndiyo, moja ikasema hapana. Ile moja ilikuwa yangu! Usinitazame hivyo, mama Celedonio. Katika cheti cha heshima hii walikuwa wameandika, "Kwa mwenye vidole vyepesi kuliko vyote Andalusia." Nikasema sikubali mpaka kiandikwe upya, na Mwenyekiti, kwa uungwana wake, alikiandika kwa mkono wake mwenyewe. Njoo ukichukue, mwanangu, nami nikisome mbele ya watu: "Kwa Celedonio, anayesikiliza."

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio.